Ruka Mdomo

Ndoto yenyewe ilikuwa inakuja karibu na alfajiri, wakati malori ya foleni ya mpakani yanaanza kuunguruma moja moja, na sauti yake inaingia usingizini kama mvua iliyo mbali. Naota niko kibarazani kwangu, nimekaa kwenye cherehani, nashona kitambaa cheupe ambacho hakina mwisho. Kinatoka upande mmoja wa meza, kinaingia upande wa pili, kinateremka ngazi, kinakwenda zake barabarani. Nafika mahali pa kukata uzi. Nainama, naung'ata. Nikiinua kichwa, jino langu linaning'inia kwenye uzi kama kifungo. Haliumi, wala halitoki damu. Linazunguka tu taratibu, na mimi naliangalia.

Nikiamka nasema audhu billahi, najikinga kwa Mungu, nageukia upande wa pili kama tulivyofundishwa, lakini usingizi haurudi. Maana kwetu kila mtu anajua ndoto ya jino. Waislamu wanaijua, Wakristo wanaijua, hata dereva wa Zambia ukimsimulia anatikisa kichwa. Jino likitoka ndotoni, kuna mtu wa kwenu anaondoka. Na wanasema zaidi ya hapo: jino la chini ni la upande wa mama, la juu ni la upande wa baba. Langu lilikuwa la juu, la mbele kabisa.

Upande wa baba nilikuwa nimebakiwa na baba mdogo mmoja tu, yuko Ruanda, kijiji cha huku kwetu, si ile nchi, analima mahindi yake. Basi kila nikiota, kukipambazuka nampigia simu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Hamna kitu. Nilitaka tu kujua mmeamkaje."

"Tumeamka. Hata juzi ulipopiga tulikuwa tumeamka."

Nashukuru, nakata. Halafu natoa sadaka. Napika wali, nawapelekea watoto wa madrasa ya jirani, maana sadaka inazuia balaa. Ikafika mahali wale watoto wakinikuta njiani wananiuliza, "Mama, leo hujaota?"

Mume wangu alikuwa anacheka. Yeye ni mtu wa Kondoa, kazi yake kusafirisha mizigo, na kwa yote aliyoyaona barabarani hakuna ndoto inayomtisha. "Mama watoto," akaniambia, "mwache mzee wa watu. Utamuua kwa simu."

Na kweli baba mdogo mwenyewe akachoka. Siku moja akasema, "We mtoto, hebu niambie ukweli. Kuna mtu kakwambia nimekufa?"

"Hapana, baba mdogo."

"Maana kila nikipokea, nasikia unashangaa."

Wakati wote huo ufizi wangu ulikuwa unatoka damu. Nikipiga mswaki nikitema, maji mekundu. Nikasema mswaki mgumu huu, nikanunua laini, bado damu. Nikila hindi la kuchoma, pale nilipong'ata panabaki wekundu. Asubuhi mdomo una ladha ya msumari. Na lile jino la mbele likawa kama linarefuka, kumbe halirefuki, ufizi ndio unapanda juu unaliacha. Haya yote niliyaona. Ila niliyaona kama mtu anayeona mvua inanyesha ng'ambo ya mpaka, kule Nakonde, anasema huko kunanyesha, haondoi nguo kwenye kamba.

Mimi nimezaliwa Itaka, kwenye kahawa, nyumba ya Wakristo wa kusali kila Jumapili na katikati ya wiki. Nilikuja Tunduma kwa ndoa, na nilisilimu kabla ya ndoa, kwa moyo wangu, hakuna aliyenivuta. Shule ya mchana niliiacha mapema. Kila ninachokijua nimekijua jioni. Kusoma gazeti bila kufuata kwa kidole ni jioni, hesabu za mafungu ni jioni, na Kurani ni jioni, wakati jua linaingia nyuma ya malori na watoto wangu wameshakula. Kwa hiyo jioni kwangu ina harufu ya chaki. Mpaka leo, mwanga ukianza kuwa wa njano, mkono wangu unatafuta daftari.

Udhu ndio sikuujifunza darasani. Udhu niliujifunza kwa macho, kwa kumwangalia mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, pale bombani uani, wiki ile ya kwanza ya ndoa. Alikuwa haongei sana. Anaosha mikono, na mimi naosha. Anasukutua, nasukutua. Pua, uso, mikono mpaka viwiko. Niliushika wote kama mtu anavyoshika wimbo, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kujua kwamba kuna maneno mazito na kuna mapambo. Nakuomba ulishike hilo, maana ndilo lililokuja kunisumbua.

Siku jino lilipojitangaza tulikuwa darasani, wanawake watupu, tumekaa mkekani. Mwalimu wetu, tunamwita ustadha, alikuwa anatusikiliza mmoja mmoja herufi. Zamu yangu ikafika, na herufi ilikuwa dhali. Herufi hiyo inatoka kwenye ncha ya ulimi ukigusa ncha za meno ya juu ya mbele. Huwezi kuikopa mahali pengine. Na imo kwenye audhu, imo kwenye Alhamdu, kila rakaa utakutana nayo.

"Umeniletea sauti ya za," akasema ustadha. "Mimi nataka dhali. Toa ulimi kidogo, dada, gusa meno."

Nikagusa. Ikatoka na mluzi.

"Tena."

"Ustadha, nikiligusa linarudi nyuma."

"Nini kinarudi nyuma?"

"Jino."

Akaja akapiga magoti mbele yangu, akaniinua kidevu kuelekea dirishani. "Fungua." Akaligusa kwa kidole kidogo tu. "Dada! Hili jino linacheza kama mlango wa banda. Tangu lini?"

"Mimi nilidhani ni ndoto," nikasema.

Wenzangu walicheka mpaka wengine wakalala mkekani. Nikawasimulia yote, simu za Ruanda, sadaka, wali wa watoto. Ustadha naye alicheka, lakini alikuwa hajaniachia kidevu. "Sadaka haijapotea," akasema. "Ila hii si ndoto, dada. Hii ni hospitali. Nenda."

Jioni ile nilimpigia baba mdogo mara ya mwisho kwa habari hiyo. Nikamwambia, kumbe ni jino langu mwenyewe. Akasema, "Bwana asifiwe. Sasa naweza kufa kwa wakati wangu."

Nilicheka naye, lakini nilipokata simu nilikuwa namuwaza mama yangu. Na hapa lazima nieleze mdomo wa mama yangu.

Mama alikuwa na meno mazuri ujanani, watu wanasema. Ufizi ukamla, kama wangu. Yakang'oka moja moja, mengine aliyatoa mwenyewe kwa vidole akiwa shambani. Na baada ya meno kutoka, kitu kingine kikaanza kutoka ambacho hakuna aliyekiona kinakwenda wapi. Uso ukaingia ndani. Mdomo ukajikunja kama mfuko wa kamba uliovutwa. Ndugu zangu walichanga wakamtengenezea meno ya bandia, mazuri, meupe, lakini hayakukaa, kwa sababu hakukuwa na pa kukaa. Chini ya ufizi mfupa ulishayeyuka, pamekuwa tambarare kama sahani. Yanakaa kwenye kikombe kabatini. Anayavaa kwenye harusi, na kanisani wakiimba anayashika kwa kidole, ili yasitangulie wimbo.

Sikuwa naogopa uzee, wala pengo lenyewe. Niliogopa ile sahani. Kama mfupa wangu nao ungekwenda, hakuna jino ambalo lingesimama pale tena, na dhali yangu ingebaki za mpaka siku ya kufa.

Vwawa asubuhi ile, mume wangu aliponifikisha hospitali, ilikuwa ndani ya ukungu. Unaona mtu anakuja, unaona mwavuli kwanza, halafu kichwa, halafu unasalimiwa na mtu ambaye miguu yake bado haijafika. Daktari wa meno alikuwa kijana wa watu, ana sauti ya taratibu. Aliniangalia muda mrefu, akinigonga gonga meno na kijiti cha chuma.

"Mama, una ukoga mwingi sana chini ya ufizi. Umekaa miaka, umekuwa jiwe. Ufizi unaukimbia, na mfupa nao unaukimbia."

"Na jino?"

"Haya mengine nitayasafisha, yatashika. Hili la mbele halina mtu tena. Limesimama kwenye nyama tu."

"Litoe," nikasema. "Lakini mfupa usiutoe."

Akanitazama. Nadhani hakuwa amezoea mtu kumwomba mfupa. "Nani kakwambia habari za mfupa, mama?"

Nikamweleza mama yangu, meno ya kikombeni, na herufi. Hakucheka. Alivuta kiti akakaa, akanichorea kwa kidole kwenye kiganja chake. Akasema jino likitoka linaacha shimo, na shimo lina kuta. Ukuta wangu wa mbele umebaki mwembamba kama ganda la yai. Mtu akivuta jino kwa nguvu, ukuta unavunjika na kutoka na jino, na hapo kazi imeharibika. Na hata usipovunjika, mfupa usio na jino unapungua. Huo wa kwangu utapungua kidogo tu, hilo hawezi kulizuia. Anachotaka ni usianguke wote.

"Nimesikia kuna mahali wanajaza unga wa mfupa," nikasema. Mteja wangu mmoja aliniambia hivyo wakati nampima gauni.

"Wapo. Mimi hapa sina. Unga wako wewe ni damu yako mwenyewe. Shimo litajaa damu, damu itaganda, itakuwa donge. Lile donge ndilo litakalogeuka mfupa. Likitoka, umebaki na shimo tupu."

Sindano ya ganzi iliingia, na uso wangu ukaanza kuondoka. Mdomo wa juu ukawa wa mtu mwingine, pua ikawa ya jirani. Nikawa nasikia kila kitu kutoka mbali, vyuma, viatu vya nesi, mtu anamwita mtoto nje kwenye ukungu. Daktari hakuvuta. Alikuwa analizungusha jino taratibu, huku na huku, anasubiri, analizungusha tena, kama unavyobembeleza sindano iliyokwama kwenye kitambaa cha hariri. Nikafumba macho. Nikaona kitambaa cheupe kinateremka ngazi. Nikasubiri kuona jino kwenye uzi.

"Tayari, mama."

Akanishona. Hapo nilifumbua macho, maana mshono ni kazi yangu. Alipitisha uzi kwenye ukingo wa huku, akavusha upande wa pili, akafunga fundo, akakata kwa mkasi. Hakuvuta sana mpaka nyama ikajikunja, hakuacha pachanue. Nilitaka kumsifu lakini mdomo ulikuwa wa jirani.

Akaniwekea pamba, akaniambia niing'ate. Halafu akasema maneno ambayo niliyasikia kama mtu anayesemea ndani ya maji. "Usiteme. Usinyonye kitu kwa mrija. Usiguse kwa ulimi. Na zaidi ya yote, mama, usisukutue. Leo na kesho maji yasizunguke mdomoni kabisa. Baada ya hapo utaweka maji ya chumvi taratibu, unayaacha yatoke yenyewe, huyasukumi, mpaka nikuone tena. Ukisukutua kwa nguvu, donge linatoka."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nakubali tu. Haikunijia kabisa, mpaka nimefika nyumbani.

Mama alikuwa ameshafika kutoka Itaka na kapu la ndizi na maharage, amekaa kibarazani karibu na cherehani yangu, miguu imenyooshwa. Nilipita kwake nikamwonyesha shavu, nikaingia uani. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inaitwa. Nikajaza kopo, nikachuchumaa. Nikaosha mikono. Nikachota maji kwa mkono wa kulia, mkono ukaja wenyewe mdomoni, kama unavyokuja siku zote, tangu ujana wangu, haujawahi kuniuliza.

Maji yakagusa midomo. Kwa sababu ya ganzi sikuyasikia. Niliyaona.

Nikamwaga. Nikabaki nimechuchumaa pale, kopo mbele. Sala siiachi. Sikuiacha uchungu uliponianza mapema kuliko hesabu, sikuiacha siku gari la mume wangu lilipopotea porini, sitaiacha kwa ajili ya jino. Lakini udhu bila kusukutua, kwa nilivyojua mimi, ulikuwa kama gauni bila mbele. Hauswihi, haukubaliki. Kwa hiyo ama nisali na mfupa uondoke, ama nilinde mfupa niache sala. Nikaona mkono wangu unachota tena. Nilisema moyoni, ya Rabi, basi chukua mfupa wako.

"Wee!" Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Daktari kasema nini?"

Nikatikisa kichwa, nikaonyesha kopo, nikaonyesha juu mbinguni. Pamba imejaa, siwezi kusema.

"Sielewi mambo ya mikono mimi. Kasema usisukutue. Mjukuu kaniambia, baba yake kapiga simu kutoka hospitali." Akaja akalichukua kopo. "Kwa nini unasukutua?"

Nikasema kupitia pamba, nusu yake ikatoka puani, kwamba bila hivyo sala haikubaliki.

Sijawahi kumsikia mama akinena neno baya juu ya dini yangu. Siku ile niliposilimu alisema tu kwamba Mungu anajua njia ya kwenda Tunduma. Akaniuliza, "Nani anajua? Yule mwalimu wako?" Nikaitikia. "Anakaa wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole, ukuta wa bluu, baada ya duka la mifuko. Akajitanda khanga kichwani akatoka. Mama yangu, mwimbaji wa kanisani, akaenda kumuulizia binti yake masuala ya udhu.

Nilikaa ukingoni mwa karo nikimsubiri. Ganzi ilikuwa inaanza kurudisha uso wangu kidogo kidogo, kwanza pua, halafu pembe ya mdomo. Jua lilikuwa limelala kwenye matone yaliyomwagika, na kila tone lilikuwa na ukuta wangu wa uani ndani yake, mdogo, umepinda. Sikumbuki kuwaza kitu.

Akarudi anahesabu kwa vidole, midomo inacheza. Akanikalisha kama mtoto.

"Usiniongeleshe, nitasahau. Kasema hivi. Kusukutua ni suna. Si falazi."

"Fa-ra-dhi," nikasema kwa pamba.

"Falazi. Falazi ziko sita. Nia." Akakunja kidole. "Uso. Mikono mpaka kwenye kiwiko. Kupaka kichwa. Miguu." Kidole cha sita hakikuwepo kwenye mkono ule, akasimama, akatazama mbingu. "Na ya sita... ya sita ni kufuata mstari. Usianze na miguu. Mdomo haumo. Kanirudishia mara mbili. Mdomo haumo, mwambie aruke mdomo. Na damu ya kidonda isimtie wasiwasi, Mungu hakumleta mtu duniani amuonee."

Mimi, mwenye vyeti vya jioni, mwenye daftari, nilikuwa nimekaa na suna, jambo la kuongeza thawabu tu, miaka yote hiyo nadhani ni nguzo. Nilianza kulia, na mama akaogopa kilio kitatoa donge.

"Nyamaza! Hilo nalo kasema uache, mimi nimeongeza."

Nikachuchumaa tena. Mama akavuta kigoda akakaa pembeni ya bomba. Nikaosha mikono. Mkono wa kulia ukachota, ukaanza safari yake.

"Ruka," akasema mama.

Nikauteremsha. Nikaosha uso. Nikasali adhuhuri yangu nikiwa na pamba mdomoni, herufi zote zikitoka zimevaa koti, na sijui kama nimewahi kusali sala iliyo karibu na mimi namna ile.

Baada ya sala alitaka kuona. Nikatoa pamba, nikamfungulia kuelekea mwanga. Akatazama muda. "Loo," akasema. "Hili si shimo la kahawa?"

Akanikumbusha. Tukiung'oa mti mzee wa kahawa kule kwetu, hatuachi shimo wazi. Mvua ikilipiga, kingo zinaporomoka, na ukija kupanda mche mpya hausimami, unaelea tu kwenye tope. Unajaza siku ile ile udongo mweusi na samadi, unatulia, unasubiri.

"Sisi walitwambia tusukutue maji ya chumvi ya moto saa hiyo hiyo," akasema, "ndio usafi. Tulisukutua mpaka panawaka." Akajigusa shavu lake lililoingia. "Sasa wewe funga, inzi wataingia."

Nililala mchana wa kesho yake, na nikaota. Hapakuwa na cherehani. Palikuwa na shamba la Itaka, ukungu umefika magotini, na mama yangu kijana, ana meno yote, anasomba udongo mweusi kwa ungo. Anamwaga kwenye shimo, anarudi, anamwaga. Mimi nasema mama pumzika, yeye hasikii. Shimo linajaa polepole, na udongo una joto. Nilipoamka niligeuka upande wa pili kwa mazoea tu. Haikuwa ndoto ya kunitia hofu.

Nilidhani mama angeondoka. Akabaki. Alisema mkono wangu hauaminiki, na alikuwa na haki, maana mkono haukuwa na habari ya suna wala faradhi. Kila udhu alikaa kwenye kigoda chake pembeni ya bomba, hata alfajiri, amejifunika blanketi mpaka puani, akisinzia. Nami nachota maji, nasikia kutoka ndani ya blanketi, "Ruka." Mara nyingine hakuwa amefumbua macho. Mume wangu akitoka kuchukua udhu wake naye akaambiwa, "Ruka."

"Mimi nina meno yangu, mama mkwe."

"Basi pita."

Watoto wakaanza kuitana hivyo mezani. Mtu akinyoosha mkono kwenye nyama mara ya pili, wote kwa pamoja: "Ruka!"

Hata maji ya chumvi yaliporuhusiwa, niliyaweka mdomoni kama mtu anayebeba yai, nikainamisha kichwa, yakamwagika yenyewe, na mama anasimamia. Uzi niliacha kung'ata. Nilifunga mkasi mdogo kwenye utepe nikauvaa shingoni, na uko hapo mpaka leo. Nilirudi Vwawa nikatolewa nyuzi, nikarudi tena nikasafishwa ukoga. Lile jiwe lilikuwa linatoka kwa vipande na kusikika kichwani kama mtu anayekwangua sufuria. Asubuhi mdomo ukaacha ladha ya msumari.

Ruhusa ya kusukutua ilipokuja, mama alikuwa bado yupo. Nikachota, mkono ukapanda, ukasita wenyewe njiani, safari hii bila kuambiwa.

"Usiruke," akasema mama.

Maji yakaingia. Yalikuwa baridi ya Tunduma ya asubuhi, ile inayouma mpaka masikioni. Nikayazungusha polepole, yakapita kwenye lile pengo na kurudi. Niliyatema meupe. Mama alisimama, akaondoa kigoda chake, akasema kahawa itakuwa imeshaiva huko, akaenda kufunga kapu lake.

Kahawa ya mama ilivunwa, ikakaushwa, ikauzwa, ndipo daktari aliponiita kwa ajili ya jino. Alipitisha kidole pale juu, mbele, nyuma, tena mbele. Mimi nilikuwa namtazama machoni, maana kidole hakiongei.

"Ukingo upo," akasema. "Umepungua kidogo. Lakini upo, mama. Jino litapata pa kuegemea."

Niliweka ulimi pale nilipokatazwa muda wote ule kuuweka. Palikuwa na kilima kidogo, laini juu, kigumu ndani. Nilirudi nyumbani na ulimi wangu umekaa pale kama ndege aliyetua.

Jino lenyewe lilipokuja lina kibao chake cha waridi cha kukaa kaakaani, na siku za mwanzo ni kama umesahau kijiko mdomoni. Lakini lilishika. Nikila ugali linashika, nikicheka linashika. Darasani ustadha alinifungulia ukurasa tu, akaweka kidole. Nikatoa ulimi kidogo, nikagusa. Ikatoka. Haikuwa na mluzi. Akageuza ukurasa.

Nilikwenda Itaka kumwonyesha mama. Tulikaa kwenye jua la asubuhi, kati ya mikahawa, akinikagua kama anayekagua mche. Akaliminya jino kwa kidole gumba. Halikutikisika.

"Hebu isome hiyo herufi yako," akasema. "Ile iliyotusumbua."

"Audhu," nikasema.

"Auzu."

"Audhu, mama. Weka ulimi kwenye meno."

Akaweka ulimi, ukapita, ukatoka nje mpaka kidevuni, haukukuta kitu. Akacheka, mabega yote yanatikisika, mkono umeziba mdomo kama msichana.

"Hakuna mlango huku," akasema. "Wewe sema. Sema na la kwangu."

Nikalisema mara ya pili.